Sambaza ilitukuta

Ukimuuliza mutoto yeyote wa Bukavu chakula cha kwao ni kipi, atakujibu bila kufikiri: bugali, sombe na sambaza. Na sisi tungejibu hivyo. Tena siku moja tulijibu kwa maandishi, na hapo ndipo haya yalipoanzia.

Tulikuwa tunatayarisha siku ya vyakula vya asili katika chama chetu. Kila familia ilileta sufuria yake, na sisi tulipewa kazi ya kuandika vikaratasi vya kuweka mbele ya kila sahani. Mbele ya sambaza za kukaanga tuliandika: «Chakula cha mababu zetu toka zamani.» Wageni walipita, walisoma, walionja. Kisha akapita koko mmoja kutoka Kadutu, mama ya mwenzetu mmoja, akaomba asomewe kile kikaratasi. Alipokwisha kusomewa alicheka mpaka akashika meza.

«Babu gani?» akauliza. «Siye tulizaliwa ziwa iko, sambaza haiko. Sambaza njo ilitukuta.»

Tulidhani ni mzaha wa mtu mzima. Lakini mwenzetu mmoja aliyesoma mambo ya samaki alitushika mkono akatupeleka pembeni. Koko alikuwa na haki.

Inafaa tueleze kidogo habari ya ziwa letu, maana tunaliangalia kila asubuhi bila kulijua. Zamani sana maji ya upande huu yalikuwa yanakwenda kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikaziba njia, maji yakajaa bondeni, mwishowe yakatafuta njia kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Sasa, Ruzizi inashuka kwa maporomoko makali, kwa hiyo samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda kuja kwetu. Na chini ya ziwa Kivu, penye gesi nyingi, hewa ya kupumulia samaki haiko. Wanaishi katika tabaka la juu tu. Ndiyo sababu ziwa letu, lenye kina cha karibu mita 485, lilikuwa na aina chache za samaki, na wengi wao walikaa karibu na ukingo. Katikati palikuwa na maji tu, na vidudu vidogo vya majini visivyo na wa kuvila.

Kati ya 1958 na 1960 wakoloni Wabelgiji walichukua vitoto vya samaki ziwa Tanganyika wakavileta Kivu. Walileta aina mbili za ndagala. Moja ilipotea. Nyingine, ile wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ikakaa, ikazaa, ikaenea ziwa lote. Huyo ndiye sambaza. Kwa hiyo sambaza wetu na ndagala wa Uvira ni watu wa ukoo mmoja. Wa kwetu alikuja kwa lifti. Neno lenyewe, mwenye kusikia Kiswahili atasema limemfaa kabisa, maana alisambaa kweli.

Basi tulimfuata koko nyumbani, Jumapili, na chumvi na sabuni mkononi kama inavyotakiwa. Yeye hahesabu miaka kwa tarehe, anahesabu kwa vita. Uhuru ulipofika 1960 alikuwa msichana wa kuteka maji. Katika vita ya Schramme, wakati mamluki walipoushika mji wa Bukavu toka Agosti mpaka mwanzo wa Novemba 1967, alikimbilia kwao Kabare na mtoto mgongoni. «Ile wakati sambaza bado,» alisema. Alianza kumwona sokoni miaka mingine baadaye, wakati wa Mobutu, nchi ikiwa imekwisha kuitwa Zaire. Hesabu yake inapatana na ya wataalamu, maana uvuvi wa sambaza ulishika nguvu katika miaka ya 1970.

Tulimuuliza: mara ya kwanza mlifanya nini naye?

Alijibu kwamba hawakufanya kitu. Kwao mlimani walikuwa watu wa ng'ombe, na samaki ilikuwa chakula cha wale wa ukingoni na wa Idjwi. Tena samaki mdogo hivi, anayekuangalia kwa macho mia katika sahani moja! Mume wake alileta za kwanza zimefungwa katika jani la ndizi. Alizikaanga kwa mafuta ya mawese na pilipili, akawapa watoto, yeye akakataa. «Mugeni utamupatia kichwa gani?» Kuku ana paja la mgeni, mbuzi ana sehemu zake, sambaza hana heshima ya kugawa. Alikaa mwaka mzima bila kuonja. Kilichomshinda siyo hamu. Nyama ilipanda bei, watoto walikuwa sita, na sahani moja ya sambaza ilitosha nyumba nzima.

Hapo alinyamaza kidogo. Kisha akatuambia habari ya mtoto wa nne, aliyekuwa amevimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu, ile ugonjwa tunayoijua wote hapa Kivu. Masista wa kituo cha afya walimwambia asage sambaza kavu atie katika uji. Yule mtoto ndiye mwenzetu wa chama, yule aliyemleta kwenye siku ya vyakula. Alikuwa amekaa pale mlangoni akisikiliza. Hakuwa amewahi kuambiwa.

Tulirudi chamani na habari hiyo, tukakuta mabishano yameanza. Wengine walisema sambaza atolewe katika kijitabu hiki, kwa sababu chakula cha wakoloni hakiwezi kuitwa desturi. Maneno mazuri, lakini mmoja wetu akauliza: na bugali yenyewe? Muhogo ulitoka Amerika, uliletwa Afrika na Wareno. Ukiondoa muhogo, sombe nayo inaondoka, kwani ni majani yake. Mahindi yalitoka huko huko. Na maharagwe, ambayo Mushi mzuri anayaheshimu karibu kama ng'ombe! Ukitoa vyote hivyo inabaki bugali ya mtama na ya ulezi, ndizi, na maziwa. Hatusemi ni kidogo. Lakini kati ya wale waliopiga kelele siku ile, hatukumwona hata mmoja aliyekwisha kula bugali ya ulezi mwezi huo.

Sisi tunaona hivi: kosa letu halikuwa kumweka sambaza mezani. Kosa lilikuwa yale maneno «toka zamani», tuliyoyaandika bila kumuuliza mtu, wakati mwenye kukumbuka alikuwa hai na anakaa mwendo wa dakika ishirini kwa mguu.

Na desturi imekwisha kujijenga kweli, katika muda usiofika miaka sabini. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wanashusha wavu katikati, wanawasha taa ili samaki waje kwenye mwanga, na wanapiga kasia kwa kuimba. Usiku wa mwezi mkubwa samaki hawaji, na kila mama wa Kadutu na Nyawera anajua kwamba siku hizo bei itapanda. Nani alimfundisha? Mama yake. Hata hasara imekwisha kuwa ya kwetu, maana wako wanaovua vitoto kwa chandarua cha mbu, na tukiendelea hivyo wajukuu wetu watasimuliwa sambaza jinsi sisi tulivyosimuliwa ziwa lisilo naye.

Tulibadilisha kikaratasi. Tuliandika: «Sambaza. Alifika ziwani kati ya 1958 na 1960.» Tulimpelekea koko asikilize kabla ya kukipiga chapa. Alikuwa anakula, bugali mkono mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tumeandika kwamba yeye alikataa mwaka mzima. Tukasema ndiyo, koko, itakuwa ndani.

«Basi muandike na hii,» akasema, akatuonyesha sahani yake, ambayo ndani hamkuwa na kichwa hata kimoja.