Ufunguo Uliovunjikia Ndani ya Kufuli

Habari tuwaleteayo leo ni ya ufunguo mmoja mdogo uliovunjikia ndani ya kufuli, mbele ya macho ya watu ishirini na wawili. Labda mtu atasema, Je, jambo hili nalo ni la kuandikiwa watu? Na asome kwanza.

Sisi tuandikao ni walimu wawili, mume na mke, nasi twakaa Babati, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipokatwa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Aliyepita hapa aujua mji huu kwa ziwa lake lenye viboko, na kwa mlima Kwaraa, na kwa njia panda yake; maana barabara itokayo Arusha hugawanyika hapa, moja ikaenda Kondoa hata Dodoma, na moja ikashika njia ya Singida. Tena aujua kwa vumbi lake wakati wa kiangazi, na vumbi hilo limo katika habari yetu.

Tumo katika chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Wengi wenu mmo katika vyama vya namna hii, wala hatuna haja ya kuvieleza sana. Mpango wake wa sanduku ulianzia kwa wanawake wa nchi ya Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia, kisha ukaenea Afrika hata ukafika kwetu. Sanduku ni la chuma, nalo lina makufuli matatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu wa nyumba mbalimbali, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Basi mtu huyo wa nne ndiye sisi.

Ufunguo wa kufuli la kati ulikuwa mkononi mwa bibi mmoja mjane, muuza ndizi, mtu wa maneno machache. Kwa miaka minne hakukosa mkutano hata mmoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba tulikutana kama desturi, saa tisa mchana, chini ya mti wa mwenyekiti wetu. Siku hiyo palikuwa na haraka. Mama mmoja wa chama alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, ameambiwa ampeleke hospitali ya Dareda siku ile ile, naye amekuja kuomba fedha katika mfuko wa jamii. Gari lilikuwa limeagizwa, nalo linangoja barabarani. Mshika ufunguo wa kwanza akafungua. Wa tatu akafungua. Bibi akatia ufunguo wake, akazungusha, ukakataa. Akatia nguvu. Tukasikia mlio mdogo, tak, kama kijiti kikavu kinapokatika. Naye akainua mkono, na tazama, ana kichwa cha ufunguo tu, na meno yamebaki ndani.

Watu walinyamaza kwanza. Kisha mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, “Si juma lililopita ndipo aliponyimwa mkopo?” Ni kweli, alikuwa amenyimwa, kwa sababu deni lake la kwanza lilikuwa halijaisha. Mwingine akacheka puani. Bibi hakujibu neno. Alikaa akikitazama kile kipande mkononi, na yule mama mwenye mtoto akimtazama yeye.

Mtu atauliza, Je, ufunguo wa pili wa kufuli hilo? Maana kila kufuli huuzwa pamoja na funguo mbili au tatu. Ulikuwapo. Sisi kwa hekima yetu tulikuwa tumezihifadhi funguo zote za akiba mahali pa salama kabisa, yaani ndani ya sanduku.

Vijana wakataka kulikata kufuli kwa msumeno. Mwenyekiti akakataa, na kukataa kwake kulikuwa na maana: kufuli likikatwa mara moja kwa haraka, mara ya pili litakatwa kwa sababu ndogo zaidi. Kijana mwingine akaleta gundi kali, atie tone katika kipande cha mkononi akigandishe na kile cha ndani. Gundi hiyo ingeingia katika kufuli na kuliua palepale. Bahati njema kichupa kilikuwa kimekauka. Ndipo mmoja wetu akapanda pikipiki kwenda mjini, akamleta fundi wa funguo akaaye karibu na soko, pamoja na kimfuko chake cha vifaa.

Fundi huyu alikuwa mtu wa kusema akifanya kazi. Aliinama akachungulia tundu, akauliza, “Ufunguo ulikuwa umeingia wote kabla ya kukatika?” Bibi akajibu kwamba uliingia wote. Fundi akasema, “Basi, Mama, ufunguo ungali mzima. Huo ulio mkononi mwako ni mpini tu.”

Akatueleza. Ndani ya kufuli la namna ile mna mche mdogo wa shaba uzungukao, na juu yake mna vijiti vilivyopangwa viwili viwili, vikisukumwa chini na springi. Ufunguo usipokuwamo, vijiti vimeukingama mche, hauzunguki. Meno ya ufunguo yakiingia, huinua kila kijiti kadiri yake, juu si sana, chini si sana, hata njia ikawa wazi. (Baadaye tulisoma kwamba watu wa Misri ya kale walikuwa na makufuli ya mti yenye vijiti viangukavyo kwa uzito wao, na kwamba aliyeyatengeneza kwa chuma namna tuyatumiayo ni Mmarekani mmoja, Linus Yale mdogo, aliyepata hati zake mwaka 1861 na mwaka 1865.) Basi kipande kikiwa ndani chote, vijiti vimekwisha kuinuliwa, hukosekani ila kitu cha kuuzungushia mche. Fundi akatoa bisbisi nyembamba, akaitia ncha yake mdomoni mwa tundu, akazungusha polepole. Kufuli likakataa.

Akasita. Akapapasa upinde wa kufuli kwa kidole, akapapasa na yale masikio mawili ya chuma upitamo upinde. Kisha akamwita kijana mnene kuliko wote, akamwambia, “Kaa juu ya kifuniko.” Watu wakacheka. Kijana akakaa, kifuniko kikashuka kidogo, fundi akazungusha tena, na kufuli likafunguka kwa wepesi kama mlango uliopakwa mafuta.

Katibu akahesabu fedha mbele ya wote, yule mama akapokea, akaondoka mbio. Sisi tulidhani neno limekwisha. Lakini fundi alikuwa bado ameinama, akasema, bila kumtazama mtu, “Sikio la juu limepinda. Kifuniko kilikuwa kinauvuta upinde juu, na ulimi wa ndani umekabwa. Kufuli lililokabwa hivi humvunjia ufunguo mtu yeyote. Sanduku hili lilianguka wapi?”

Wasomaji wetu, sisi tulijua lilipoanguka. Lilianguka penye kona ya barabara ya Kondoa, majuma mawili kabla ya siku ile, tulipolifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira mmoja badala ya mipira miwili, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Lilianguka kwa ukingo wake wa mbele. Tuliliokota, tukapangusa vumbi, tukaona makufuli yote yamo, hatukumwambia mtu. Mkutano uliofuata bibi alitwambia, “Walimu, ufunguo umekuwa mzito.” Nasi tulifanya nini? Tulimletea mafuta ya kupikia katika kijiko. Hilo lilikuwa kosa juu ya kosa, maana mafuta yale huganda, hushika vumbi, yakawa tope ndani ya tundu.

Tungeweza kunyamaza. Fundi hakutujua, na watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za mtoto. Tulitazamana, mume na mke, na kila mmoja alingoja mwenziwe aanze. Na kungoja kule, ingawa kulikuwa kwa dakika moja labda, ndiko kutuliako moyoni hata leo zaidi ya kuanguka kwenyewe. Mwisho mmoja wetu akasema, “Tulilidondosha sisi.” Akasema na mahali, na siku, na habari ya mpira. Hapakuwa na kelele. Yule aliyenong'ona habari ya mkopo akaanza kuangalia viatu vyake. Chama kikatutoza faini, na haki yake.

Fundi akamaliza kazi. Alilirudisha tundu wima kama linavyokuwa ufunguo unapoingia, kwa maana likiwa limegeuka hata kidogo vijiti hushika meno ya ufunguo, hautoki kwa nguvu yoyote. Akakwangua risasi ya penseli, akapuliza unga wake ndani badala ya mafuta. Akatwaa kipande cha msumeno mwembamba kama unyasi, meno yake yameelekea nje, akakipitisha kando ya ufunguo, akakizungusha kidogo ili meno yaume, akavuta. Mara tatu kiliteleza. Mara ya nne kikatoka pamoja na kile kipande cha shaba. Alikata ufunguo mwingine kwa kuufuata ule wa akiba, hakuufuata uliovunjika, kwa kuwa meno yaliyolika yakifuatwa, ufunguo mpya huzaliwa mzee. Kisha akaweka sikio juu ya jiwe, akalinyosha kwa nyundo.

Siku hizi funguo za akiba zimo katika bahasha iliyotiwa lakiri, kwa mzee mmoja asiye mwanachama.

Lakini bibi alikataa kuupokea ufunguo mpya. Alisema mikono yake imezeeka, apewe mwenye nguvu. Tulikwenda kwake jioni mara mbili tukamwomba radhi. Mara zote mbili alitukaribisha vizuri, akatupa ndizi, wala hakuyagusa maneno yale. Majuma matatu ufunguo ulikaa kwa mwenyekiti. Juma la nne, sanduku lilipotuliwa chini ya mti, bibi aliinuka mahali pake bila kuitwa, akalizunguka, akapitisha kidole juu ya masikio yote matatu, moja moja. Akanyosha mkono kwa mwenyekiti.

“Lete,” akasema. Kisha akatugeukia sisi: “Walimu, leo mmefunga mipira mingapi?”

“Miwili, Bibi.”

Akatia ufunguo. Na kila Jumamosi hutuuliza.