Usiache Mbachao: Nilivyochagua Runinga ya Nyumbani



Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbachao ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia, mzuri na safi, lakini huu wa methali ni wa mpita njia. Mwenyewe akiondoka huondoka nao, nawe uliyetupa mkeka wako utalala chini. Nimeifundisha methali hii darasani kwa miaka mingi nikidhani ninaielewa. Mwaka 2025 ndipo iliponifundisha mimi, tena katika jambo ambalo wahenga hawakuliwazia: namna ya kutazama runinga nyumbani.

Ninaishi Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi haya ya wakimbizi yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi. Sisi tulitoka Bukavu mwaka 2008. Katika mizigo michache tuliyobeba, Mama alifunga ndani ya kitenge santuri za DVD, na nyingine akaziongeza hapa Nakivale, hasa filamu za Kitanzania za marehemu Steven Kanumba. Zilifika 31. Thelathini zilikuwa na picha za waigizaji juu yake. Moja haikuwa na picha, ilikuwa na maandishi ya kalamu tu: "Harusi 2005." Ilikuwa harusi ya dada yangu, na humo mlikuwa na Baba, akitembea, akicheka, akisimama kuhutubia wageni. Baba alifariki mwaka 2007. Mahali pengine popote hatukuwa na sauti yake.

Kwa muda mrefu nyumba yetu iliangalia dunia kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa king'amuzi, kifaa kilichotulazimu sote tulipohama kutoka analojia kwenda dijitali mwaka 2015. Tulilipia kifurushi mwezi mmoja, tukakosa miwili. Ya pili ilikuwa deki ya Mama na santuri zake. Deki haikudai malipo ya mwezi. Iliomba umeme wa sola tu, na kitambaa laini cha kufutia vumbi.

Thamani ya deki ile niliiona Januari 2021. Tarehe 13, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku zipatazo 5. Simu zetu zikawa tochi. Jioni zile majirani walikuja kwetu na vigoda vyao, Warundi na Wakongo, tukatazama filamu ambazo kila mmoja alikwisha kuzijua hadi mwisho. Hakuna aliyelalamika. Hata hivyo, intaneti iliporudi niliusahau upesi msaada wa deki, kama tunavyousahau mwavuli jua linapotoka.

Miaka ikapita. Mwaka 2024 deki ilikufa, nami sikuona haraka ya kuitengeneza. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, habari zikaja kwamba Goma imetekwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. King'amuzi chetu kilikuwa kimefungwa kwa kukosa malipo. Mama alikaa mlangoni na redio yake ndogo, akizungusha kitufe kutafuta idhaa yoyote ya Kiswahili. Usiku mmoja alinitazama nikipekua simu, akaniuliza:

"Mwanangu, hiyo simu yako ina Bukavu?"

Nilimwonyesha taarifa fupi ya BBC Swahili kwenye kioo kidogo kama kiganja. Macho yake hayakuweza kusoma maandishi yaliyopita chini. Akashika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akanirudishia. "Nimesikia," alisema. "Lakini sikuona mtaa."

Hapo niliamua. Tungeleta intaneti kwenye runinga, tuachane na king'amuzi, na zile santuri tuziondoe, kwani zilikuwa zikijaza kabati bila kazi. Nilipata siku ya mapumziko, nikapanda gari kwenda Mbarara, anakoishi mdogo wangu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kusafiri na kufanya kazi nchini, na kila ninapopanda gari lile nakumbuka kwamba haki hiyo si ya kila mkimbizi duniani.

Niruhusu nisimame hapa nikufundishe neno moja. Kitendo cha kutazama video moja kwa moja kutoka mtandaoni Waswahili wa leo hukiita *kutiririsha*. Mzizi wake ni kitenzi *tiririka*, yaani kwenda mfululizo kama maji ya kijito. Tukikipa kauli ya kusababisha tunapata *tiririsha*: kufanya kitu kitiririke. Utaona kwamba neno limebeba ukweli ambao muuzaji hakuambii. Maji yanayotiririka hayakai. Unayaona, unakunywa, yanapita. Ukitaka maji ya kesho, sharti uwe na mtungi.

Mbarara, karibu na High Street, tuliingia duka moja la vifaa vya umeme. Kijana wa dukani alitutolea kisanduku cheusi cha kuunganisha runinga na intaneti.

"Mwalimu, hiki kina chaneli zote za dunia," alisema. "Mpira, filamu, katuni. Hulipi chochote, maisha yako yote."

Mdogo wangu alininong'oneza, "Yaya, hicho ni cha wizi." Kwetu Bukavu, mdogo humwita mkubwa wake *yaya*.

Alikuwa amesema kweli. Kisanduku chenyewe hakikuwa na kosa, ila programu zilizotiwa ndani zilichota matangazo ya watu bila idhini, jambo linalokwenda kinyume na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Tena vyanzo vya namna hiyo hufungwa wakati wowote, na mnunuzi hana pa kudai. Nilikataa, lakini sikumhukumu kijana yule. Miongoni mwa santuri za Mama, nyingi zilikuwa nakala zilizochomwa mitaani, filamu 8 katika santuri 1, na hakuna mwigizaji aliyepata senti yake. Raia mwema huanza kujisahihisha kabla ya kusahihisha jirani. Tulinunua kisanduku kingine kitupu, kisicho na ahadi yoyote, na waya wa HDMI. Runinga yetu ya volti 12, inayotumia betri ya sola, tuliamua kubaki nayo.

Kisha likaja suala la data, na hapa nakuomba uchukue kalamu. Kwa makadirio ambayo Netflix huwapa wateja wake, saa 1 ya video yenye ubora wa chini hula takribani gigabaiti 0.3, ubora wa kati, 0.7, na ubora wa juu, hadi gigabaiti 3. Nyumba inayotazama saa 2 kila usiku hufikisha saa 60 kwa mwezi. Zidisha: kwa ubora wa chini utatumia gigabaiti 18, kwa ubora wa kati, 42, kwa ubora wa juu, 180. Muuzaji atakuonyesha ubora wa juu. Mfuko wa mwalimu utaelekea kwenye ubora wa chini. Kwenye kioo cha inchi 24, ubora wa chini bado unakuonyesha uso wa msomaji wa habari na mtaa ulio nyuma yake, na hicho ndicho Mama alichokitaka.

Jua pia kwamba ndani ya kila kifurushi mna kodi. Kuanzia Julai 2018, aliyetumia mitandao ya kijamii Uganda alilipa shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi ile iliondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa hiyo hata bibi anayetazama habari za kwao huku Nakivale ni mlipakodi wa Uganda. Watu husema wakimbizi hula tu. Waambie wahesabu upya.

Nilikuwa nimebeba santuri za Mama katika mfuko, nikitaka kumpa mdogo wangu aone kama kuna wa kuzichukua. Aliipekua ile ya harusi, akaiinua kwenye mwanga. Upande wake wa chini ulikuwa na michirizi, na pembeni doa kama ukungu.

"Yaya," aliniuliza, "umeangalia hii lini?"

Sikuweza kumjibu. Mwaka mmoja? Miwili?

"Na mtandaoni ipo?"

Mpenzi msomaji, swali hilo lilinikata maini. Filamu za Kanumba, baadhi yake zipo mtandaoni. Kila mtu anazitafuta, hivyo kuna mtu aliyeziweka. Lakini Baba hayupo mtandaoni. Hakuna kampuni duniani inayomtiririsha baba yangu. Nilikuwa nimekuja mjini kuutupa mbachao ambao ndani yake alilala yeye.

Tulizunguka hadi tukampata fundi mwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa bado na sehemu ya kuingizia santuri. Aliifuta kwa kitambaa laini, akitoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata mzunguko wa santuri ndio unaoharibu zaidi. Akaanza kunakili. Mashine ilisoma, ikasita, ikarudia, ikasita tena. Tulikaa pale hadi jioni. Kati ya dakika 52 za harusi ile, tuliokoa 38. Picha inaganda pale Baba anapoinua mkono kuomba ukimya ili ahutubie. Hotuba yenyewe imepotea. Kama ningeileta mwaka uliotangulia, huenda ingekuwepo.

Methali nyingine husema akiba haiozi. Santuri huoza, msomaji wangu. Huoza na flashi, na diski, na kila chombo. Akiba isiyooza ni ile inayohamishwa kabla chombo chake hakijachoka. Usiku ule mdogo wangu aliweka nakala katika simu yake, nami nikanunua diski ya nje yenye terabaiti 1, ambayo kwa hesabu inaweza kubeba santuri zaidi ya 200 za kawaida za gigabaiti 4.7. Nakala 2, katika nyumba 2, katika miji 2. Hivyo ndivyo mkimbizi anavyopaswa kuhifadhi kitu.

Basi sasa nyumba yetu imepangwa hivi. Habari na vipindi vya watoto, kama vile Ubongo Kids, tunavitiririsha kwa ubora wa chini, kwa laini niliyoiandikisha kwa kitambulisho changu cha mkimbizi. Chaneli za bure tunazipata kwa antena, bila kifurushi. Redio ya Mama haijahama dirishani. Na yale yasiyo na mbadala, yaani harusi, picha, sauti za watu wetu, yapo kwenye diski, hayahitaji mtandao wala ruhusa ya mtu. Tahadhari pia na kitufe cha "pakua" ndani ya programu za video: mara nyingi kinachopakuliwa humo hufungika baada ya muda usipounganisha tena mtandao. Huo nao ni msala wa mpita njia.

Nimegundua kwamba kuchagua chombo cha kutazamia ni kuchagua nani atashika swichi. King'amuzi, swichi iko kwa kampuni. Intaneti, iko kwa kampuni na kwa serikali, kama tulivyoona Januari ile. Diski iliyo kabatini, swichi iko mkononi mwako, pamoja na jukumu la kuilinda. Sikuambii ukatae kimojawapo. Mimi natumia vyote vitatu, kama mkulima asiyepanda mbegu moja tu. Nakuambia ujue ni swichi ipi ya nani, kabla hujakabidhi kitu usichoweza kukipata tena.

Niliporudi Nakivale nilimweleza Mama kila kitu, pamoja na dakika zilizopotea. Nilitarajia lawama. Alikaa karibu na runinga, akamtazama Baba akipita kati ya wageni, akicheka na mtu ambaye sote hatukumkumbuka jina, kisha akiinua mkono. Picha ikaganda. Mama hakuomba tuirudishe mwanzo. Alisema, "Iacheni hapo kidogo." Tukaiacha, mkono wa Baba ukiwa juu, hadi betri ya sola ilipoanza kulia.

Kazi ya nyumbani, mwanafunzi wangu: leo, kabla hujalala, tafuta sauti moja ya mtu wa kwenu ambayo haipo popote ila katika chombo kimoja. Inakili mahali pa pili. Kisha andika aya moja ukitumia vitenzi *tiririka*, *tiririsha*, *hifadhi* na *hifadhika*. Aya nitaisahihisha. Ile nakala, sina namna ya kukusaidia ukichelewa.