MWANGA WA ZAMBARAU KWA KARATASI ZA ZAWADI: KAKA ALIVYOPAMBANA NA VIDEO YA MDOGO WAKE

Ule mwanga unaouona kwenye video za Bongo Fleva, nusu ya uso nyekundu nusu bluu, watu wengi wanadhani umepikwa kwenye kompyuta. Wala si lazima, inaweza kuwa ni plastiki tu ya rangi imewekwa mbele ya taa. Wenye kazi yao wanaiita jeli, maana zamani kwenye majukwaa ya maigizo ilitengenezwa kwa jelatini. Siku hizi ni plastiki maalumu inayovumilia joto, na bei yake kwa mtu wa kawaida inauma.

Kuna jamaa mmoja wa Mbagala, mpiga picha za harusi, anaijua hii habari vizuri. Mdogo wake wa kike alipata kazi ya ndani Muscat, mkataba miaka miwili, ndege Alhamisi usiku. Binti alikuwa na wimbo wake mmoja, alirekodi mwaka mzima nyuma, video hakuna. Jumatatu akamwambia, "Kaka, nikirudi nitakuwa na miaka 26. Nifanyie hii kabla sijaondoka." Hela iliyokuwepo ni elfu arobaini, na humo humo kuna nauli na soda za watu wa kucheza.

Jamaa akaanza pale ambapo karibu kila mtu anaanzia: tinti ya gari. Akaenda kwa mafundi Gerezani kuomba mabaki, wakampa bure. Kuweka kwenye taa, rangi hakuna! Tinti ile nyeusi kazi yake ni kupunguza mwanga, haiubadilishi. Alichopata ni chumba chenye giza na gundi vidoleni.

Kesho yake akazama Kariakoo. Kwenye maduka ya maua na mapambo kuna zile karatasi zinazong'aa za kufungia zawadi za sendofu, nyekundu, njano, kijani, bluu, unaona hadi upande wa pili. Watu wanaziita selofeni. Selofeni halisi inatokana na miti, ni kazi ya mkemia wa Uswisi, Jacques Brandenberger, mwanzoni mwa karne iliyopita, ambaye hapo mwanzo alikuwa anatafuta kitambaa cha meza kisicholowa. Ila nyingi zinazouzwa leo ni plastiki. Ukitaka kujua unayo ipi, toka nje uchome kakipande: ya miti inaungua kama karatasi, ya plastiki inajikunja na kuyeyuka.

Jamaa yeye alijua kwa njia nyingine. Alikuwa na taa moja ya mafundi ujenzi, ya halojeni, wati 500. Akaibandikia karatasi nyekundu usoni kabisa kwa selotepu. Dakika hazikufika tatu, moshi, harufu, karatasi imekuwa ugoro. Mdogo mtu akakimbilia swichi. "Kaka, utatuchomea nyumba ya watu!" Na kweli, walikuwa wapangaji. Halojeni umeme wake mwingi unakuwa joto, mwanga ni kidogo. Plastiki ya zawadi haiwezi kukaa pale, na hakuna ujanja wa kuilazimisha.

Kilichookoa ni muuza chipsi wa jirani. Kibanda chake kina taa mbili za LED, zile bapa za kumulika nje, akakubali kuziazima Jumatano usiku. Yaani alikubali kufunga biashara mapema, na watu wa mtaani wanajua hiyo ni hela. Jamaa akanyoosha henga za waya, akatengeneza fremu, akavalisha karatasi, akaziweka kiasi cha shibiri moja mbele ya taa. Bluu ilikuwa imepauka, akaikunja mara mbili, ikakolea. Nyekundu ilitosha moja.

Sasa zambarau. Binti aliitaka hiyo hiyo. Jamaa akapanga nyekundu juu ya bluu kwenye taa moja akitegemea vichanganyike kama rangi ya kupaka. Ikatoka karibu giza. Kumbe karatasi ya rangi haiongezi kitu kwenye mwanga, inazuia. Nyekundu inapitisha wekundu tu na kuzuia mwingine wote. Ukiweka bluu mbele yake, na wekundu nao unazuiwa, kinachobaki ni kidogo sana. Dawa ni taa mbili: moja nyekundu, moja bluu, zote zimulike ukuta mmoja. Pale zinapokutana ndipo zambarau inazaliwa. Ukutani kwa mpangaji wa Mbagala ikatokea kama klabu ya mjini.

Kwenye kiitikio alitaka rangi ya machungwa, na Kariakoo hakuwa ameipata. Hiyo wakaitengeneza wenyewe. Kava za plastiki angavu za kufungia ripoti, zinauzwa steshenari yoyote; gundi nyeupe ya shule; matone ya rangi ya chakula, njano nyingi na nyekundu kidogo. Unakoroga, unapaka nyembamba, unaacha kwenye sehemu bapa. Rangi peke yake na maji haishiki kwenye plastiki, inateleza, gundi ndiyo inayoibeba. Ikiwa mbichi ni kama uji, ikikauka inaangaza. Wakati wa mvua inachukua usiku kucha na zaidi, na hapa ndipo walipobanwa, wakaipuliza na feni hadi jioni ya Jumatano.

Usoni kwa binti aliongeza tochi ya simu iliyofunikwa leso nyeupe. Jambo la maana hilo, maana uso wenye mwanga mwekundu mtupu kwenye kamera ya simu unakuwa kama bango, pua hazionekani. Walirekodi kuanzia saa mbili usiku. Saa tano yuniti zikaisha, muuza chipsi akatuma za elfu tatu kutoka kwenye simu yake bila kuombwa.

Alhamisi binti akaondoka. Video ilimfikia kwa WhatsApp wiki ya pili, alipopata intaneti kwa waajiri wake. Aliitazama usiku, wote wamelala. Ujumbe wa kwanza: "Kaka, mbona kwenye kiitikio mkono wangu una michirizi?"

"Ni gundi hiyo. Fremu niliisogeza mbali na taa."

Baada ya muda ukaja mwingine: "Usiitoe. Mama ameiona?"

Mama alikuwa ameiona mara nne.