Safari ya Usambara, sehemu ya 3: Panga kuanzia mwisho

Tangu niseme tunakwenda kutembea milima ya Lushoto mwezi wa saba, swali ni moja tu: "Na watoto mnawachukua?" Leo nalijibu.

Kwanza njia yenyewe. Boti hadi Dar, tunalala. Asubuhi basi hadi Mombo, halafu ile barabara ya kona kona, kilomita 33, hadi Lushoto mjini, kiasi mita 1,400 juu ya bahari. Kutoka hapo ni miguu. Siku ya kwanza msitu wa Magamba hadi Lukozi. Ya pili Rangwi, tunalala kwa masista. Ya tatu Mtae, pale mlima unapokatika na chini unaona tambarare za Mkomazi. Ya nne tunapanda basi la alfajiri kurudi Lushoto.

Kwenye karatasi rahisi. Lakini mabonde ya kule ni makali jamani, unashuka mpaka magoti yanatetemeka, kisha unapanda tena upande wa pili. Sisi wa Unguja mlima wetu mrefu ni Masingini, hata mita 120 haufiki.

Sasa wifi yangu anataka kumchukua mwanawe wa miaka 10, na mtoto ana pumu. Baba yake kasema hapana. Nikaulizwa mimi, maana ndiye nesi wa nyumba.

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilichukua karatasi nikaanza na usiku. Kila tutakapolala niliandika: kifua kikimbana saa nane za usiku, gari iko wapi, na itampeleka wapi? Lukozi, Rangwi na Mtae zote zina barabara, na hospitali ya wilaya iko Lushoto. Kwa hiyo hatulali porini hata siku moja, na namba ya dereva tunaichukua kabla ya kuondoka, kupitia mwongoza njia wa pale pale.

Kisha masharti. Pumu iwe imetulia mwezi mzima kabla ya safari, na daktari wake amwone. Dawa ya kila siku isikatwe. Inhela ya dharura na ile chupa yake ya kuvutia zikae kwa mama, si kwenye mzigo uliotangulia na pikipiki. Usiku wa mwezi wa saba kule baridi inaweza kushuka karibu digrii 10, na hewa baridi huamsha pumu, kwa hiyo sweta, kofia, na skafu ya kufunika pua na mdomo. Akikohoa usiku Lukozi, asubuhi yeye na mama yake wanarudi na gari. Hakuna mjadala, hakuna "tumeshalipa".

Na mwisho wa safari si boti ikifunga Malindi. Hapa ndipo wengi wetu tunasahau. Zanzibar kwa miaka mingi malaria imekuwa kidogo sana, chini ya asilimia 1, kwa hiyo watoto wetu wengi hawajawahi kuugua na miili yao haina kinga. Juu kwenye baridi mbu hupungua, lakini Dar na Mombo ni joto. Chandarua tunabeba, jioni nguo ndefu. Ukirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, nenda ukapime siku hiyo hiyo, na useme mwenyewe: "Nilikuwa Bara." Usinywe panadoli ukangoja kesho. Mwenye mimba namshauri safari hii aiache, malaria kwake ni hatari kubwa zaidi, kwake na kwa mtoto.

Shemeji kasoma ile karatasi mara mbili. Kasema, "Tuone kwanza Masingini." Basi kila Jumapili baada ya alfajiri tunapanda, mtoto na begi lake la mgongoni, maji na sweta tu. Akiweza wiki nne bila kubanwa, tutazungumza tena. Asipoweza, atabaki na bibi yake, na milima itamngoja.

Sehemu ya 4 inshaallah: begi la dawa, kitu kimoja kimoja. Wenye watoto wa pumu, andikeni maswali yenu hapa chini.