Sahani ya Baba

Siku ya kupima watoto twaijua sote. Tangu asubuhi akina mama wanafika kituo cha afya, watoto mgongoni, wanakaa kwa mstari na kungoja. Na sisi baba, tulikuwa wapi? Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, tukiongea habari za bei ya dhahabu ya Misisi. Tulipomsikia mtoto analia kwenye mzani, tulicheka. Tulisema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Ndivyo tulivyoishi hapa Lubondja miaka mingi, wala hatukuona haya.

Siku moja muuguzi alitoka mlangoni, akaita baba wa mtoto, si mama. Aliyeitwa alikuwa mmoja wetu. Alivuka barabara, nasi tukamfuata, maana tulidhani kuna ugomvi. Mtoto wake alikuwa na miaka miwili. Mashavu yalikuwa yamejaa, miguu minene, nywele zimegeuka rangi kama za mahindi. Baba yake alikuwa akituambia kila mara, "Mwanangu amenenepa," nasi tulimsifu. Muuguzi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akasema, "Huu si unono. Haya ni maji."

Kisha akamwuliza baba, "Jana jioni ulikula nini?"

"Bugali na samaki."

"Na mtoto?"

Baba akanyamaza. Mama akajibu polepole, "Bugali na mchuzi wa samaki."

Hapo sote tukatazama chini. Kwani katika nyumba ipi ya kwetu si hivyo? Samaki ni wa baba, mchuzi ni wa watoto, na mama hula yanayobaki.

Ugonjwa huo unaitwa kwashiorkor. Jina hilo limetoka Ghana, katika lugha ya Waga. Daktari Cicely Williams aliliandika katika jarida la waganga mwaka 1935. Watu wa huko walilitumia kwa mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa, akaachishwa ziwa. Hapa kwetu Kivu pia si jambo geni: huko Lwiro waganga walikuwa wakiuchunguza tangu miaka ya 1950. Muhogo unashibisha tumbo, lakini hauna vya kutosha vinavyojenga mwili. Mtoto anayekula bugali mtupu hushiba na huku ana njaa. Hesabu iliyofanywa katika Kongo nzima mwaka 2017 na 2018 ilionyesha kwamba watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Vita na kukimbia vimezidisha shida, kwa maana shamba lililoachwa halilishi mtu. Lakini je, tuseme yote ni ya vita? Siku ile samaki alikuwako nyumbani.

Basi tukaanza kujiuliza. Mafundisho ya chakula yalikuwa yanatolewa kila mwezi, na mama zetu waliyasikia. Mbona hayakuzaa matunda? Jibu si gumu. Mama alifundishwa kumpa mtoto maharagwe, lakini ni baba aliyeuza gunia lote la maharagwe. Alifundishwa kununua ndagala, lakini feza zimo mfukoni mwa baba. Alifundishwa kumpa mtoto yai, lakini yai liliwekwa kwa ajili ya baba au mgeni wake. Shamba, mfuko na sahani, vyote vitatu vilikuwa mikononi mwetu. Kumfundisha mama peke yake ni kufundisha nusu ya nyumba.

Wengine wameyaona hayo kabla yetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako watu wengi wa Fizi walikimbilia mwaka 1996, kulikuwa na mradi wa ASTUTE tangu mwaka 2015 hadi 2020, katika mikoa ya Kigoma, Kagera, Geita, Mwanza na Shinyanga. Ulipigana na udumavu kwa redio na kwa wahudumu wanaotembelea nyumba, na mafundisho yake yaliwaelekea akina baba pia.

Hata mbali sana, huko Minnesota katika Marekani, shida ni ya namna nyingine: watoto wananenepa kupita kiasi kwa vinywaji vya sukari na kwa kukaa bila kazi ya mwili. Huko wataalamu waliwaita baba wasemao Kihispania katika mafundisho yaitwayo Padres Preparados, Jóvenes Saludables. Baba alikuja pamoja na mtoto wake wa miaka 10 hadi 14, mara moja kila juma, kwa majuma 8. Walipika pamoja, wakafanya mazoezi pamoja, na baba walijifunza kuongea na watoto wao. Kule chakula kinazidi, huku kinapungua, lakini mlango wa kuingilia nyumbani ni uleule. Kwa Kihispania neno "padre" ni baba na pia ni padri. Jina hilo lina uzito, nasi twaitwa hivyo kila siku bila kufikiri.

Yule mtoto alipewa Plumpy'Nut. Muuguzi alitueleza kwamba hiyo ni karanga iliyosagwa, pamoja na maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini. Karanga! Zile tunazouza zote sokoni, tusibakize hata kikombe kimoja. Uvimbe ulipungua, na baada ya majuma kadhaa mtoto alianza tena kucheza na kugombana na wenzake.

Tangu hapo tumepatana mambo machache. Karanga na maharagwe hatuuzi kabla ya kutenga ya nyumbani. Anayekwenda Baraka anarudi na ndagala. Siku ya kupima, baba anakwenda pia, asikie kwa masikio yake. Na jioni, kabla baba hajatia mkono katika sahani yake, anatoa kipande cha samaki kwa mtoto mdogo, na kingine kwa mama.

Wako waliotucheka, wakisema tumegeuka wanawake. Wacheke. Wazee walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, nasi kwa muda mrefu tuliuficha mkono wa pili. Ndugu msomaji, wewe uliye baba, leo jioni tazama sahani yako, kisha tazama ya mtoto wako. Hayo yatakufundisha kuliko maneno yetu.