CD4 si jina la ugonjwa

Huku Nakivale kila mtu anaijua CD4. Ukiitaja pale kwenye bomba la maji, watu wanashusha sauti, juu wanafikiria ukimwi. Jina hilo karibu limkatishe mama yangu matibabu.

Vidole vyake vilivimba miezi mingi, mkono wa kuume na wa kushoto sawasawa. Asubuhi alikuwa hawezi kufunga kitenge wala kushika mchi wa sombe, mpaka jua lipande. Wengine walisema baridi, wengine wakasema amerogwa. Tukapanda gari pale Base Camp mpaka Mbarara, mimi nikiwa mkalimani wake. Daktari akasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageukia viungo vya mwenyewe. Akatuchorea kiungo kwenye karatasi, ndani akaweka viduara: CD4, CD20, CD68, CD90.

Jirani aliyekuja kusalimia akaiona karatasi. Kesho yake habari imezunguka kijiji. Mama akasema, "Mwanangu, mimi Mbarara sirudi tena."

Mwenye ukimwi ni mtu kama sisi, anakunywa dawa na anaishi. Lakini mama alikuwa anaacha dawa ya ugonjwa alionao kwa kuogopa jina la ugonjwa asio nao.

Nikamweleza hivi. Kila seli imevaa protini juu yake, kama sisi tunavyotembea na kadi ya familia. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris wakaanza kuzipa namba, ili maabara zote ziite kitu kimoja jina moja. CD4 iko kwenye baadhi ya seli nyeupe za damu za kila mtu, mimi na wewe. Virusi vya ukimwi vinaingilia hapo, ndiyo maana kliniki inahesabu seli hizo. Lakini mlango haukujengwa na mwizi.

Ndani ya kiungo kilichovimba, seli zenye CD4 zinajaa na kuamsha zingine. Zenye CD20 ni za ukoo unaotengeneza kingamwili. Iko dawa, rituximabu, inayozitafuta kwa alama hiyohiyo. CD68 inaonyesha makrofaji, walaji wa takataka, wanaomwaga kemikali za kuvimbisha.

CD90 ndiyo iliyonishangaza. Iko kwenye faibroblasti, seli za hapohapo zinazojenga utando wa ndani wa kiungo. Hizo hazikuletwa na damu. Mwaka 2019 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba, kwa panya, faibroblasti zenye CD90 zinachochea uvimbe, na zile za tabaka la juu zisizo nayo ndizo zinazokula mfupa na gegedu.

Mama akauliza, "Kumbe wanaobomoa nyumba ni wenyeji?"

"Wenyeji na wageni pamoja, mama."

Akacheka sana. Sisi tumezoea kusikia kila shida imeletwa na wageni.

Alirudi Mbarara. Sasa anakunywa methotreksati mara moja kwa juma, si kila siku, pamoja na asidi ya foliki, na damu yake inapimwa. Ukiona mikono yote miwili inavimba na kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, usingoje kama tulivyongoja. Vidole viwili vya mama vilishapinda, havitanyooka. Vile vinane bado tunavipigania.