Nani Alikuwa Anakula Mega Zetu?



Jambo hili nilitaka kulinyamazia. Lakini kwenye likelemba ya juzi mama mmoja alilalamika kwamba intaneti ya kwake inakula pesa na bado haitembei, nikasikia kama anasimulia nyumba yangu. Basi niseme.

Sisi hapa Lubumbashi tunatumia boksi la 4G, kile kidude cheupe kinachotiwa kadi ya simu kisha kinagawa wifi ndani ya nyumba. (Mama mkwe wangu bado anatuchekesha na neno hilo. Siku watoto waliposema wifi imepotea, aliuliza kwa hofu: wifi gani, yule wa Likasi?) Tulilinunua kwa ajili ya binti yangu anayesoma chuo kikuu, na mimi mwenyewe nauza vitenge kwa kutuma picha kwenye WhatsApp. Kila mwanzo wa mwezi nanunua mega. Mwezi ule ziliisha tarehe 12.

Macho yangu yalienda moja kwa moja kwa mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 15, na simu haimtoki mkononi. Nilimpigia kelele mbele ya wote, bukari ikiwa mezani. Nikamnyang'anya simu, nikaifungia kabatini. Hakujitetea. Alisema tu, "Ndiyo, Mama Mudogo," akatoka kwenda kukaa kando ya mbabula. Usiku huo hakula.

Mwezi uliofuata nikanunua mega nyingine. Zikaisha tarehe 13. Na simu ya kijana ilikuwa bado kabatini.

Nilikaa kitandani nikiwa na ufunguo wa kabati mkononi, nikashindwa hata kumtazama.

Kesho yake nikamwita fundi kijana anayetengeneza simu karibu na soko. Kitu cha kwanza, aliuliza boksi liko wapi. Lilikuwa chini, nyuma ya frigo, katikati ya bido zetu za maji. Akacheka. Alisema chuma kinarudisha mawimbi, na maji yanayameza. Sisi tumelijengea gereza. Tukalipandisha juu ya kabati, karibu na dirisha, na palepale alama za mtandao zikaongezeka kutoka 2 hadi 4. Boksi la 4G linatafuta mnara wa kampuni huko nje, kwa hiyo dirisha linalisaidia kuliko ukuta. Jaribuni madirisha yote ya nyumba, maana yote si sawa.

Halafu akaligeuza. Chini yake kuna karatasi ndogo: jina la wifi, neno la siri, na namba kama 192.168.8.1. Kwenu inaweza kuwa 192.168.1.1 au nyingine, someni iliyoandikwa. Ukiwa umeunganishwa na wifi yako, unaandika namba hiyo mahali unapoandika anwani za intaneti, na mlango wa boksi unafunguka. Ndani kuna orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa. Sisi tuna simu 4 na kompyuta 1, na simu mojawapo ilikuwa imezimwa kabatini. Orodha ilionyesha vyombo 11.

Kitinda mimba wangu akaanza kulia kabla hatujamuuliza. Rafiki yake wa lupango la jirani alipiga picha ile karatasi ya chini, naye akampa mwingine, na huyo mwingine akawapa wengine. Sisi hatukuwa tumebadilisha neno la siri la kiwandani hata mara moja.

Tulibadilisha maneno mawili: la wifi, na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya boksi yenyewe, ambalo watu wengi wanalisahau. Penye usalama tukachagua WPA2. Boksi letu linatoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 2.4 yanapita kuta vizuri zaidi lakini majirani wote wamejazana humo. Yale ya 5 yana kasi zaidi ila hayafiki mbali. Binti yangu, ambaye meza yake iko chumba hicho hicho, tukamweka kwenye 5. Kwenye 2.4 fundi aliangalia njia ipi haina watu wengi kati ya 1, 6 na 11, akachagua 11. Mwisho akaingia kwenye kompyuta na simu zetu, akazima programu kujisasisha zenyewe na picha kupandishwa mtandaoni usiku kucha. Hapo nilishtuka, maana picha zangu za vitenge nazo zilikuwa zinakula mega!

Lakini msidanganywe kwamba mipangilio inazaa kasi. Kaa karibu kabisa na boksi upime. Kama hapo inakimbia na chumbani inatambaa, shida ni wifi ya nyumbani. Kama hata hapo inatambaa, shida iko nje, na jioni watu wote wakiwa kwenye mtandao hakuna kitufe kitakachokusaidia. Binti yangu sasa anapakua masomo yake saa kumi na moja asubuhi.

Baada ya siku tatu mama jirani alibisha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Kumbe hakujua kwamba mega zilikuwa zetu. Msichana wake alimwambia kuna wifi ya bure, na alikuwa anaitumia kujitayarisha kwa egzeta. Aliomba msamaha hadi mimi nikaona haya. Boksi letu lina wifi ya wageni, yenye neno la siri lake. Tukakubaliana niiwashe Jumamosi saa nane hadi saa kumi, kisha naizima. Wiki iliyopita aliniletea sombe.

Kijana wetu nilimrudishia simu mbele ya wale wale waliosikia kelele zangu, nikamwambia nilikosea. Alitazama chini muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuchagua yeye neno la siri jipya. Alichagua. Hata mimi nikinunua simu nyingine, itabidi nimwombe yeye.